Majirani wanaisifu, dukani wanairudisha: siagi yangu ya karanga ina kasoro gani?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Huu ni mwaka wa pili nasaga siagi ya karanga nyumbani. Karanga nazifuata Kongwa mwenyewe, na sichanganyi kitu zaidi ya chumvi kidogo. Majirani wananunua, na wifi yangu anayefanya kazi Mtumba ananiuzia ofisini kwao makopo ishirini hadi thelathini kwa mwezi. Wote wanasifia. Shida ni madukani. Nimezunguka maduka sita, Area C, Kisasa na mjini kati, hakuna aliyechukua. Mwenye duka mmoja alilishika kopo, akaligeuza huku na huku, akanirudishia bila hata kulifungua aonje. Akasema, 'Mama, kajipange kwanza.' Kijana mmoja wa michoro ananiambia shida yangu ni kwamba sina brandi. Anataka shilingi 450,000 anitengenezee nembo, kadi na fulana. Pia anasema nitafute jina la Kizungu na niache kufunga kifuniko kwa kitambaa cha kitenge, kwa sababu ni ushamba. Akiba yangu yote ni 700,000. Mume wangu anasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo hela hiyo tuongezee tununue mashine kubwa ya kusagia. Nimsikilize nani?"

Dada yangu, pole kwa lile neno "kajipange". Najua linavyouma ukiwa umesimama mbele ya kaunta na kikapu mkononi, wateja wengine wanasikiliza. Lakini nakuomba turudi kwenye kile alichofanya kabla ya kusema, kwa sababu ndani yake kuna jibu la sehemu kubwa ya swali lako. Aliligeuza kopo. Mtu asiyetaka bidhaa kabisa haigeuzi, anakwambia tu "tunayo tayari" na kuendelea na kazi yake. Yule alikuwa anatafuta kitu kwenye kopo lako na hakukiona.

Unauliza umsikilize nani kati ya wawili. Mimi naona swali lililoko chini ya hilo ni jingine: kwa nini siagi ileile, ya karanga zilezile, inasifiwa Mtumba na kurudishwa Kisasa? Ladha haikubadilika njiani. Kilichobadilika ni kwamba Nkuhungu na Mtumba siagi inakwenda ikiwa na mdhamini. Jirani anakujua, anaona jiko lako, anajua watoto wako wanakula hiyohiyo. Ofisini wapo wanaomwamini wifi yako, na wifi anakuamini wewe. Dukani hakuna anayekujua, na hata ukiwepo pale kaunta, mwenye duka anawaza saa ile utakayokuwa umeondoka, mteja mgeni anaposhika kopo na kumuuliza, "Hii ya nani?" Hana la kujibu, na kopo nalo halisemi.

Hapo ndipo mumeo ana haki nusu. Kizuri chajiuza, ni kweli, lakini methali hiyo ni ya soko la kitu kinachoonekana. Ukienda Majengo kununua nyanya unaziminya. Embe unalinusa. Mbuzi unamfungua mdomo ukamhesabu meno. Siagi ya karanga iliyofungwa ndani ya kopo haiminywi wala hainuswi, na uzuri wake unajulikana baada ya pesa kutoka mfukoni. Bidhaa ya namna hiyo haiwezi kujiuza mara ya kwanza kwa uzuri wake, kwa sababu mara ya kwanza uzuri huo haujaonwa na mtu. Kuanzia kopo la pili, hapo ndipo methali ya mumeo inaanza kufanya kazi, na inafanya kazi vizuri kuliko tangazo lolote.

Nikueleze jambo hili linavyokwenda, maana likieleweka utaweza kuamua mwenyewe mambo mengi ambayo hukuniuliza. Fikiria mafuta ya alizeti yanayouzwa kando ya barabara kuu ya kwenda Singida, kwenye chupa za maji zilizotumika. Wapo wauzaji wanaokamua alizeti safi, na wapo wanaochakachua. Chupa zinafanana, rangi zinafanana. Msafiri hawezi kujua ipi ni ipi, kwa hiyo anafanya kitu cha busara kwake: anatoa bei ya wasiwasi, ile ambayo hata akiibiwa hataumia sana. Bei hiyo inamtosha mchakachuaji. Muuzaji mwaminifu inamkata, mwishowe anaacha kuleta mafuta mazuri au naye anaanza kuchanganya. Mwaka 1970 mchumi wa Marekani, George Akerlof, alilieleza jambo hili kwa mfano wa magari yaliyotumika, kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha zuri na bovu, bovu hulifukuza zuri sokoni. Kazi hiyo ni sehemu ya sababu alizopewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Mojawapo ya njia za kutoka kwenye mtego huo, na yeye aliitaja, ni jina la biashara linalojulikana, kwa sababu mwenye jina ana cha kupoteza akidanganya.

Chapa ndiyo hiyo, dada. Ni ahadi iliyoandikwa nje ya kopo pamoja na anwani ya mtu wa kushikwa ikivunjwa. Nembo ni saini tu chini ya ahadi. Kijana wako anakuuzia saini wakati barua yenyewe haijaandikwa.

Jambo hili ni kubwa zaidi kwa mji wetu kuliko kwa miji mingine mingi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ikahesabu 765,179. Serikali imehamia, ofisi zimejaa Mtumba, vyuo vimejaa wanafunzi, na sasa treni ya SGR inashusha watu kutoka Dar es Salaam kila siku. Zamani karibu kila mnunuzi wa Dodoma aliweza kumpata mtu anayekujua akipita kwa watu wawili watatu. Leo anayesimama mbele ya rafu pale Kisasa huenda ni mtumishi aliyehamia kutoka Mtwara mwezi uliopita. Hajui Kongwa iko upande gani. Huyo ndiye mteja unayemtaka ukiingia dukani, na ana sekunde chache tu za kukuangalia.

Sekunde hizo zina uzito kwa sababu kinachoonekana kwanza hubadilisha maana ya kinachofuata. Mwaka 1946 mwanasaikolojia Solomon Asch aliwasomea watu orodha ya sifa za mtu mmoja: mwerevu, mchapakazi, mwenye pupa, mkosoaji, mkaidi, mwenye wivu. Kundi jingine alilisomea maneno hayohayo kwa kuyapindua, akianza na wivu na kumalizia na werevu. Wa kwanza walimwona mtu mwenye uwezo aliye na kasoro zake, wa pili wakamwona mtu mwenye matatizo yanayouzuia uwezo wake. Maneno yalikuwa yaleyale, mpangilio tu ndio uliogeuzwa.

Sasa lete hilo kwenye kopo lako. Siagi ya karanga tupu, isiyo na kitu cha kuishikilia, lazima itoe mafuta juu ikikaa. Mafuta ya karanga ni mepesi kuliko zile chembe zilizosagwa, yanapanda, na kwa joto la Dodoma yanapanda upesi. Wewe unajua hiyo ni dalili ya kutochanganywa. Mgeni akiona kwanza kopo lenye kifuniko chenye michubuko na karatasi iliyolowa, kisha akaona vidole viwili vya mafuta vikielea, anahitimisha kuwa umemimina mafuta ya kupikia ndani kuongeza uzito. Akiona kwanza lebo safi yenye maneno "Mafuta kupanda juu ni kawaida kwa karanga halisi. Koroga kabla ya kula," mafuta hayohayo yanakuwa ushahidi wako. Nina hakika baadhi ya maduka sita uliyozunguka yalikuhukumu kwa mafuta hayo. Mstari mmoja wa maandishi ungekusaidia kuliko fulana kumi.

Hukunitumia picha, lakini nimeona makopo mengi ya wasindikaji wa nyumbani na naweza kukisia. Kama makopo yako yalishawahi kubeba kitu kingine, mayonizi au jemu, yaache leo hii, hata kama umeyachemsha. Plastiki inashika harufu, na watu wanalitambua umbo la kopo la bidhaa nyingine hata lebo yake ikibanduliwa. Kama lebo yako ni karatasi ya kawaida iliyotoka kwenye printa ya stationari, mafuta ya vidole vyako mwenyewe yanailoanisha kabla haijafika dukani na wino unatapakaa. Agiza stika ya plastiki au iliyofunikwa juu, ile isiyopitisha mafuta. Na mdomo wa kopo uzibwe kwa namna ambayo likifunguliwa linaonekana limefunguliwa. Ile karatasi ya fedha inayogandishwa mdomoni chini ya kifuniko ndiyo bora. Kama bado huiwezi, anza na ukanda wa stika unaotoka kwenye kifuniko hadi ubavuni, unaochanika mtu akifungua. Mwenye duka anaogopa kopo ambalo mtu anaweza kulifungua, kuchovya kidole na kulirudisha kwenye rafu.

Nyuma ya kopo, pale alipogeuza yule bwana, alikuwa anatafuta vitu vya kawaida sana: ni kitu gani, kimetengenezwa na nani, wapi, namba ya simu, ndani yake kuna nini, uzito halisi, kimetengenezwa lini na mwisho wa matumizi ni lini. Ongeza namba ya toleo, ili siku mteja akilalamika ujue ni karanga za gunia gani. Ongeza na onyo kwamba ina karanga, kwa maana kuna watu miili yao inazikataa vibaya. Uzito uupime kwa mizani iliyohakikiwa, si kwa macho. Wakala wa Vipimo wana haki ya kukagua bidhaa zilizofungashwa, na kopo lililoandikwa gramu 400 likakutwa na 370 linafuta kila sifa uliyojenga. Kisha alitafuta alama ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Hapa naomba tukae kidogo.

Karanga na mahindi ya kanda yetu yana adui asiyeonekana, sumukuvu. Inatoka kwa kuvu wanaoota kwenye mazao yasiyokaushwa vizuri au yaliyopatwa na ukame shambani. Haina rangi, haina harufu, na moto wa kukaangia hauimalizi. Mwaka 2016 watu walikufa katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwenye duka wa Dodoma anayesita kuchukua siagi ya karanga isiyo na alama yoyote ana sababu ya kusita, na mimi nipo upande wake. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu zote kwa jumla zisizidi sehemu 10 kwa bilioni, kipimo ambacho jicho la mama yeyote, hata awe na uzoefu wa miaka arobaini, haliwezi kukiona.

Kwa hiyo kabla ya nembo, kabla ya jina, kabla ya rangi, chambua karanga zako moja moja kabla ya kukaanga. Zilizosinyaa, zenye madoa, zilizovunjika, zilizobadilika rangi, toa zote, na usizifanyie chakula cha kuku, maana sumu inawafuata. Uchambuzi huo wa mkono unapunguza hatari kwa kiasi kikubwa, kwa sababu sumu hujikusanya kwenye punje chache mbovu. Zihifadhi juu ya chaga, pakavu. Kisha peleka sampuli ikapimwe. Ukipata majibu mazuri, hapo chapa yako ina kitu cha kubeba. Ukitangulia kupamba kopo kabla ya kujua kilichomo, utakuwa unawashawishi wageni wakuamini juu ya jambo ambalo wewe mwenyewe hulijui, na hilo siwezi kukushauri kwa bei yoyote.

Njia ya kufika TBS kwa mtu wa kiwango chako ni kupitia SIDO, shirika la serikali linalohudumia viwanda vidogo. Nenda ofisi yao ya mkoa hapahapa Dodoma, jieleze, omba mafunzo ya usindikaji na barua ya utambulisho, na uwaulize utaratibu wa unafuu wa gharama kwa wajasiriamali wadogo. Watakwambia pia kuhusu jengo la uzalishaji, na hapo jiandae, kwa sababu chumba ambacho watoto wanapitia kwenda chooni hakitakubaliwa. Uliza ni mabadiliko gani madogo yanatosha kwa kuanzia. Na tafadhali sana, asije mtu akakuchapishia alama ya TBS kwenye lebo kabla hujapewa leseni ya kuitumia. Wapo wachapaji wanaoiweka "kwa urembo". Ni kosa la kisheria, na ukikamatwa nalo dukani, jina lako linakufa siku hiyohiyo.

Usichanganye hiyo na ile mistari myeusi ya kuskani. Wengi wananiambia "nikipata msimbomilia nitaaminika". Ile ni namba ya utambulisho ya kurahisisha kazi ya kaunta na hesabu za stoo. Inayoanza na 620 inaonyesha tu kwamba namba imetolewa kupitia GS1 Tanzania, wanaogawa namba hizo, haisemi lolote kuhusu ubora, wala haithibitishi kuwa bidhaa imetengenezwa nchini. Utaihitaji siku utakayoingia supamaketi. Kwa maduka ya mtaani ya Area C unaweza kungoja.

Jina. Kijana anataka la Kizungu. Mimi sioni ulazima, ila sitakwambia kwamba jina la Kiswahili peke yake litakuuzia. Jina zuri ni lile ambalo mteja wako anaweza kulitamka dukani bila kuona aibu, na likisomwa kwenye simu mtu wa upande wa pili analiandika bila kuuliza mara mbili. Jaribu hivi: mtume mwanao kwa jirani amwambie jina hilo mara moja tu, kesho yake umuulize jirani anakumbuka nini. Kama una bibi au kijiji ambacho jina lake ni fupi na lina maana kwako, anzia hapo. Epuka jina linalofanana na la siagi ya karanga ambayo tayari ipo kwenye rafu, hata kama ni kwa herufi tatu tu. Mteja ataona unajificha nyuma ya mwingine.

Ukishalipata, litafute kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kama liko huru, kisha lisajili kama jina la biashara. Watu wengi wanaishia hapo wakidhani wameshamiliki jina. Jina la biashara ni usajili wa nani anafanya biashara kwa jina lipi; linaloizuia bidhaa nyingine kutumia jina au nembo yako ni alama ya biashara, nayo ni maombi tofauti, BRELA haohao. Yanaombwa kwa madaraja ya bidhaa, na siagi ya karanga inaangukia daraja la 29. Kwa Tanzania Bara usajili wa kwanza unakulinda miaka 7, kisha unahuisha kila baada ya miaka 10. Kwa kiwango chako cha sasa, jina la biashara lifanye mwezi huu. Alama ya biashara iwekee lengo: ukifika maduka kumi yanayorudia kuagiza, usichelewe tena.

Kuna mahali pengine jina lako linaonekana ambapo wabunifu wengi wanapasahau, nako ni kwenye simu. Mteja anapolipa kwa Lipa Namba, kabla hajaweka namba ya siri linamtokea jina. Kama kopo linasema hivi na simu inaleta jina la mumeo au la mtu asiyemjua, mkono wake unasita, kwa sababu kila mmoja wetu ana ndugu aliyewahi kutapeliwa. Fungua Lipa Namba kwa jina lilelile lililoko kwenye kopo. Weka jina hilohilo na picha ya kopo kwenye WhatsApp ya biashara, na uache kuweka picha za harusi kwenye namba hiyo. Hili ni jambo la alasiri moja, na kwa maoni yangu lina thamani kuliko zile kadi.

Sasa pesa. Nianze na mashine ya mumeo, kwa sababu anastahili jibu la heshima. Jiulizeni wawili: je, mwezi uliopita kuna mteja mliyemkosa kwa sababu mashine ilishindwa kusaga? Kama yupo na wako wengi, nitabadili ushauri. Lakini kwa unavyonieleza, mashine ndogo inatosha makopo yanayouzika. Mashine kubwa itakuzalishia makopo mengi zaidi ya kurudishwa. Mwambie hujalikataa wazo lake, umelisogeza mbele, na kizuri chake kitakapoanza kujiuza dukani mashine itajilipia.

Kwa kijana wa michoro, usimfukuze pia. Mwambie huhitaji kadi wala fulana, unahitaji lebo moja iliyopangwa vizuri, mbele na nyuma, yenye jina linalosomeka kwa mtu aliyesimama hatua tatu kutoka kwenye rafu. Apewe kazi hiyo tu, kwa makubaliano ya maandishi kwamba mchoro ukilipiwa ni mali yako na faili lake la kuchapia unakabidhiwa. Nimeona kikundi kinachokausha zabibu upande wa Hombolo kikishindwa kuongeza stika kwa sababu aliyechora alihama mji na mchoro wake. Ukiacha fulana na kadi, bei inapaswa kushuka sana. Pata bei za wachapaji watatu kabla ya kukubali, na kwa mara ya kwanza chapisha chache, kwa sababu lebo ya kwanza huwa ina kosa utakaloliona baada ya wiki.

Ningekuwa wewe, nisingegusa zaidi ya nusu ya hiyo akiba. Kipimo cha sumukuvu kwanza, makopo mapya na ya kuziba yawe ya pili, stika ziwe za tatu, usajili wa jina uwe wa nne, lebo ya kijana katikati ya hayo. Nusu nyingine ilinde kama mtaji wa karanga. Huku kwetu mvua ni msimu mmoja, karanga zinavunwa kuanzia Aprili na kuendelea, na bei ya wakati wa mavuno haifanani kabisa na ya Januari. Mtu mwenye lebo nzuri ambaye mwezi wa kumi na mbili hana siagi anampoteza mwenye duka aliyekwisha kumpata, na huyo humpati tena kirahisi.

Maduka yakianza kukubali, wengi watataka mali kauli. Kubali kwa maduka mawili au matatu, makopo sita kila moja, yaandikwe kwenye daftari na kusainiwa, na urudi kila Jumamosi. Hata ukikuta hayajauzwa, yafute vumbi. Vumbi la Dodoma unalijua. Kopo lenye vumbi linaonekana kama kopo la zamani hata likiwa la juzi. Omba lisiwekwe dirishani panapopiga jua, maana joto na mwanga huharibu mafuta ya karanga yakaanza kunuka, na mteja wa kwanza atakayekutana na harufu hiyo hatajua kosa ni la dirisha.

Nimebakiza kitenge, na hapa simwungi mkono kijana hata kidogo. Miaka kadhaa iliyopita nilikishauri kikundi kingine cha akina mama kibadili mifuko yake ya ubuyu, kutoka ule uliozoeleka kwenda mpya wa kisasa. Nilikuwa na uhakika. Wateja wao wa miaka yote waliuona mfuko mpya wakadhani ni wa watu wengine walioiga, na wengi waliacha kununua hadi akina mama walipowafuata mmoja mmoja kuwaeleza. Lile lilikuwa kosa langu, na wao ndio waliolilipia. Tangu hapo sigusi alama ambayo wateja wameshaizoea kabla ya kuuliza inawaambia nini. Wale wa Mtumba wanaijua siagi yako kwa kitenge. Wifi yako amuulize mmoja wao, "Unaijuaje?" na nadhani nalijua jibu.

Tatizo la kitenge chako ni kwamba, nadhani, kila mara ni kipande tofauti, chochote kilichobaki kwa fundi cherehani. Leo kina kasuku, wiki ijayo kina maua. Halafu kitambaa kinashika vumbi na mafuta, na mkaguzi wa chakula hatakipenda juu ya mdomo wa kopo. Chagua kitenge kimoja, rangi mbili tatu zisizozidi hapo. Kipige picha, mpe kijana aifanye mchoro wa ukanda unaozunguka juu ya lebo na ukanda ule wa kuziba kifuniko. Wateja wako wa zamani watakutambua, na mgeni wa kutoka Mtwara ataona kitu ambacho makopo mengine kwenye rafu hayana. Kama tena unakwenda Nzuguni wakati wa Nanenane, tandika meza yako kwa kitenge hichohicho.

Nenda ana kwa ana kwa watu hawa pasipo kungoja: SIDO wiki hii, TBS kwa ajili ya sampuli kabla hujaagiza stika hata moja, afisa biashara wa Jiji kuhusu leseni. Ukipata mtu anayetaka kuingia ubia na wewe, au ukakuta siagi ya mwingine imevaa kitenge chako, hapo mtafute wakili, usinyamaze na usikubaliane kwa mdomo. Na kama majibu ya kipimo yakija na sumukuvu juu ya kiwango, simamisha mauzo, hata ya majirani, hata ya Mtumba, mpaka uwe umebadili karanga na kupima upya. Nipigie siku hiyo, tutazungumza.

Yote yakikaa sawa, rudi kwa yule bwana aliyekwambia ujipange. Usianze na maduka mapya. Msalimie, mpe kopo moja mkononi, kisha nyamaza umwache aligeuze.